Je, huzuni ya mfiwa ni upungufu wa imani?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni mama, naishi Kondoa. Mwanangu alifariki kwa ajali ya bodaboda wakati tunapalilia alizeti. Tumeshavuna, na bado nikiiona kofia yake msumarini nalia. Usiku silali. Ustadhi mmoja alitusomea aya ya Suratul Mujadila kwenye darsa, akasema huzuni inatoka kwa shetani na mwisho wake ni siku tatu. Je, nina dhambi?

JIBU: Wa alaykum salaam. Mama yangu, Allah amrehemu kijana wako na akutie nguvu. Huna dhambi. Swali lako limeniuma, kwa sababu maneno hayo nayasikia kwenye misiba mingi huku Dodoma, na wanaoumizwa nayo zaidi ni kina mama.

Siku tatu alizotaja Mtume (s.a.w.) ni za hidadi, yaani mwanamke kuacha mapambo kwa ajili ya aliyefariki, kwa mume ni miezi 4 na siku 10. Huzuni ni jambo la moyoni, haikuwekewa siku. Neno lenyewe tumelipata kwenye Kiarabu, huzn, na ndugu yake ni hazn, ardhi ngumu, yenye kukwaruza. Raghib al-Isfahani, mwanachuoni aliyefafanua maneno ya Qur'ani, ameyaeleza pamoja: ugumu wa ardhi na ugumu unaoipata nafsi kwa majonzi. Nani hulaumiwa kwa kuwa shamba lake lina mawe?

Na ile aya ya 10 ya Mujadila inasema minong'ono ya siri ndiyo itokayo kwa shetani, ili awahuzunishe walioamini. Anayelaumiwa ni mwenye kuhuzunisha. Ustadhi ameigeuza ikamwangukia aliyehuzunishwa! Nabii Yaakub macho yake yaligeuka meupe kwa huzuni ya kumkosa mwanawe Yusuf, akasema: "Hakika mimi namshitakia Allah sikitiko langu na huzuni yangu" (Yusuf 84 na 86). Nani atathubutu kusema imani ya Yaakub ilipungua? Mtume mwenyewe alipofiwa na mwanawe Ibrahim alitokwa machozi. Swahaba wake Abdurrahman bin Auf akashangaa: hata wewe? Mtume akamjibu kuwa hiyo ni rehema, kisha akasema: "Jicho linatoa machozi na moyo unahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu." Hadithi hii iko kwa Bukhari na Muslim, na anayefundisha watu anapaswa kuwa ameisoma.

Kilichokatazwa ni kupiga mayowe ya maombolezo, kujipiga mashavu, kurarua nguo na kumlaumu Mola. Machozi yako hayamo humo.

Ila hilo la kutolala lisipuuzwe. Mwambie dada yako au jirani unayemwamini alale kwako siku kadhaa, na ule hata kama huna hamu. Hali ikiendelea nenda kituo cha afya, na wakikuandikia kwenda Mirembe, hospitali ya afya ya akili, nenda bila haya. Kutafuta tiba ni katika mafundisho ya Mtume. Wanaume wa nyumba hiyo nao wakusindikize, wasikuambie unyamaze.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.