Masista wa ndani na kitambaa cha uso: jibu kwa mama wa Sakina

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padri. Mimi ni mama wa watoto watatu, nasali kigangoni huku Sakina, Arusha. Binti yangu wa pili amemaliza kidato cha sita, na anasema anaitwa kwenye utawa wa ndani, wa masista wasiotoka nje ya nyumba yao, siyo huu wa masista wa shule na zahanati tuliowazoea. Jioni moja alinionyesha kwenye simu picha ya zamani: masista wamesimama nyuma ya nondo, kila mmoja kafunikwa uso mzima kwa kitambaa cheusi, huoni hata pua. Nilishtuka. Jirani yangu ni Mwislamu, anavaa nikabu, tunauza naye vitenge Soko la Kilombero. Aliitazama ile picha akacheka: "Jirani, kumbe na nyie mnafunika?" Nikakosa la kusema. Je, ni mafundisho ya Kanisa, au tuliiga mahali? Bado wanafanya hivyo? Na uso wa mwanamke una kosa gani? Nijibu wazi, Padri, maana kinachoniuma ni kimoja: nikimtoa, nitauona tena uso wa mwanangu?

JIBU: Milele na milele, amina. Mama, naanza na lile la mwisho, maana hayo mengine ni njia tu ya kulifikia. Utauona.

Hata enzi zile kitambaa kilipokuwa sheria, mzazi hakufichwa uso. Mtakatifu Teresa wa Avila alianzisha monasteri yake ya kwanza, yaani nyumba ya watawa, ya shirika la Wakarmeli Peku huko Hispania mwaka 1562, na katika kanuni alizowaandikia masista wake alisema asionekane yeyote bila kitambaa usoni, isipokuwa na baba, mama na ndugu zake, au pakiwepo sababu ya haki kama hiyo. Kwa hiyo yule mwanamke aliyekuwa mkali hivyo katika jambo hili, wa kwanza kuwafungulia ni wazazi. Mtu akikuambia binti akiingia ndani mama yake hamwoni tena, ujue anasimulia aliyoyasikia kwenye daladala.

Sasa tutenganishe vitambaa viwili, maana watu wengi huvichanganya. Kuna veli ya kichwani, ambayo hata masista wetu wa Huruma kule Moshi wanaivaa. Hiyo ni alama ya kuwekwa wakfu na ni ya kale mno: Marcellina, dada yake Mtakatifu Ambrosi, alivikwa na Papa Liberio huko Roma katikati ya karne ya 4. Kisha kuna kipande kingine kabisa, cha kushusha usoni. Ndicho ulichokiona kwenye simu.

Mimi nimekishika kwa mkono wangu. Nilipokuwa masomoni Roma nilitumwa kupeleka bahasha ya nia za Misa kwenye monasteri moja. Ukutani palikuwa na kabati la mbao la duara linalozunguka: unaweka kitu upande wako, unalisukuma, kinatokea upande wao bila mikono kuonana. Halafu nikaingizwa chumba cha maongezi. Katikati kuna grili, kama hizi za madirisha yetu ya mjini ila matundu yake madogo zaidi, na nyuma yake ameketi sista mzee, uso wazi, mcheshi. Nikamuuliza habari za kitambaa. Akainuka, akakawia kidogo, akarudi nacho. Alikuwa amekitunza kwenye kikopo cha vifaa vya kushonea. Akakipenyeza kwenye tundu la grili nikishike: chepesi, cheusi, pindoni kimepauka na kuwa cha rangi ya kahawia. Nilipomrudishia alikibana kwa pini mbili juu ya veli, akakishusha, na hapo hapo nikabaki naongea na sauti. Yeye ananiona vizuri, mimi simwoni. Nikamuuliza kama alikipenda. Akasema wakati wa joto kilikuwa kero, na mara mbili kilimwangusha ngazini.

Akaniambia na jambo ambalo picha haisemi: ndani, kati yao wenyewe, hawakukivaa. Jikoni, bustanini, kwenye meza ya chakula, walitazamana uso kwa uso kama watu wa nyumba moja. Kilishushwa alipokuja mtu wa nje. Akiingia fundi wa bomba au daktari, sista mmoja alimtangulia na kengele ndogo akiigonga, ili wenzake wajitenge au washushe kitambaa.

Hapo ndipo ilipo maana yake. Kitambaa kile ni ndugu wa ule ukuta na ile grili. Masista hawa wanaishi katika ugo, yaani boma la ndani wasilotoka, na kitambaa kilikuwa kipande cha ukuta ambacho sista alitembea nacho. Papa Bonifasi VIII ndiye aliyeamuru mwaka 1298 kwamba wamonaki wote wa kike, yaani masista hawa wa ndani, wakae ndani ya ugo, na Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu, ukaikazia amri hiyo mwaka 1563. Sababu zilikuwa mchanganyiko, na mimi sipendi kuzipaka sukari. Palikuwa na hamu ya kweli ya sala na ukimya. Palikuwa pia na woga wa askari na majambazi. Na matajiri wa Ulaya waliwajaza mabinti ndani ya monasteri ili kukwepa mahari, ambayo kule ililipwa na upande wa binti, kisha wakageuza vyumba vya maongezi kuwa baraza za umbea na uchumba. Teresa aliyaona hayo kwa macho yake katika monasteri aliyoingia ujanani. Alipoanzisha ya kwake alitaka nyumba ndogo, masista wachache, na mlango unaofungwa.

Kanuni ya Mtakatifu Klara wa Asizi, aliyoithibitisha Papa Inosenti IV mwaka 1253 siku mbili kabla Klara hajafariki, inaagiza pazia litundikwe kwenye grili kwa ndani, lisiondolewe ila Neno la Mungu linapohubiriwa au sista anapozungumza na mtu. Unaona pazia lilivyoanzia dirishani. Katika nyumba nyingine lilikuja kuhamia usoni.

Je, tuliiga? Jirani yako atafurahi kusikia hili. Mwanzoni mwa karne ya 3, miaka mia nne hivi kabla ya Uislamu, Tertuliano wa Karthago, mwandishi Mkristo, Mwafrika wa kaskazini, aliwataja wanawake wapagani wa Arabuni waliojifunika uso mzima na kubakiza jicho moja tu. Kwa hiyo desturi ya mwanamke wa heshima kujifunika ni ya watu wa pande zile tangu kale, na dini zilizozaliwa huko ziliikuta. Rebeka alipomwona Isaka kwa mbali alitwaa shela akajifunika. Kila dini imeipa maana yake. Ya nikabu akaulizwe sheikh, mimi siyo wa kuieleza. Ila kumcheka jirani haitufai, na naona yeye alicheka nawe, hakukucheka.

Halafu nikuulize, mama: siku ya ndoa yako uliingiaje kanisani? Kama ni harusi kama ninazofungisha kila Jumamosi, uliingia umeshushiwa shela usoni, na bwana harusi akaifunua pale mbele ya altare huku akina mama wakipiga vigelegele. Hakuna aliyesema uso wako una kosa. Mmonaki naye Kanisa linamwita bibi harusi wa Kristo. Wale walioshusha kitambaa walikuwa wanasema: uso wangu una mwenyewe, nami bado namngoja. Wengine walimfikiria nabii Eliya, ambaye Wakarmeli wanamhesabu kama baba yao wa kiroho. Eliya alipoisikia ile sauti ndogo pangoni alijifunika uso kwa vazi lake, na alikuwa mwanamume mwenye ndevu zake. Wapo wahubiri waliofundisha kwamba uso wa mwanamke ni mtego. Hayo yamesemwa, siwatetei, na siyo mafundisho ya Kanisa.

Maana, kwa kweli, kufunika uso halikuwa fundisho la imani hata siku moja. Ilikuwa nidhamu ya nyumba: shirika hili walifunika, lile hawakufunika. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inataka ugo wa kipapa, yaani unaofuata kanuni za Roma, kwa wamonaki wa kike wa taamuli tupu, wanaoishi kwa sala na tafakari, na inataka watawa wavae vazi la shirika lao. Kuhusu kufunika uso haina hata mstari mmoja.

Na nidhamu huisha nguvu mazingira yakibadilika. Teresa mwenyewe yalimpata, na amesimulia bila kujionea haya. Mwaka 1575, siku ya Pentekoste, alikuwa njiani kwenda Sevilla na masista wake ndani ya mikokoteni iliyofunikwa, naye ana homa. Walitaka Misa ya alfajiri Córdoba, kimya kimya. Kumbe darajani panahitajika kibali cha mkuu wa mji, na mikokoteni haipiti langoni mpaka mbao zikatwe kwa msumeno. Kibali kinafika jua limeshawaka. Wanaingia kanisani, kanisa lenyewe ni la Roho Mtakatifu, sikukuu yake, watu tele. Masista wanashuka na vitambaa usoni, majoho meupe, viatu vya kamba, na umati unalipuka kama fahali wameachiwa uwanjani. Teresa anasema ule mshtuko ndio uliomwondolea homa. Kila ninapoikumbuka habari hii najiuliza: kitambaa kilichotengenezwa ili mtu asitazamwe kikiuvuta mji mzima kutazama, kimebaki na kazi gani?

Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulilijibu hilo kwa upole. Hati ya 28 Oktoba 1965 kuhusu maisha ya watawa ilisema ugo wa wamonaki udumu, ila ulinganishwe na nyakati na mahali, desturi zilizopitwa ziondolewe, na monasteri zenyewe zisikilizwe kwanza. Hilo la kuwasikiliza ndilo ninalolipenda. Walisikilizwa, na nyumba nyingi zikaweka kitambaa kwenye kikopo cha sindano. Zipo chache zinazokitumia mpaka leo katika nafasi fulani, kwa hiari yao, na sioni sababu ya kuwanyanyasa kwa hilo. Papa Fransisko alipowaandikia wamonaki wa kike mwaka 2016, hati aliipa jina lenye maana ya "Kuutafuta uso wa Mungu". Ni ile zaburi ya 27: "Bwana, uso wako nitautafuta."

Wewe unasali Arusha, na Kanisa Kuu letu ni la Mtakatifu Theresia wa Mtoto Yesu, siyo yule Teresa wa Avila. Jina lake la kitawa kwa ukamilifu ni Theresia wa Mtoto Yesu na wa Uso Mtakatifu. Alikuwa Mkarmeli wa ndani, na veli nyeusi alivikwa tarehe 24 Septemba 1890. Uso wake tunaujua vizuri kwa sababu dada yake Céline alipoingia monasteri ileile mwaka 1894 aliruhusiwa kuingia na kamera. Lakini kabla ya hapo, Theresia akiwa na miaka 9, dada yao Pauline aliyemlea alitangulia kuingia, na kila mara familia ilipokwenda kumwona, Theresia mtoto aliachiwa dakika mbili tatu za mwisho. Alilia sana. Kwa hiyo, mama, siwezi kukuambia hutalia. Uso utauona, lakini siku nyingi utakuwa nyuma ya grili, na kwa ratiba ya nyumba, siyo yako.

Na hakuna anayekimbizwa. Kwa maagizo ya Roma ya mwaka 2018, malezi ya mmonaki wa kike hayapungui miaka 9: mwaka wa majaribio, mwaka wa upostulanti (maandalizi ya kuingia), miaka 2 ya unovisi (malezi kabla ya nadhiri), miaka 5 ya nadhiri za muda, zisizo za kudumu. Muda wote huo anaweza kurudi nyumbani, na asionwe ameshindwa. Njoo naye ofisini parokiani Jumamosi baada ya Misa ya asubuhi. Aje na maswali yake ameyaandika, nami nitawaandikia barua ya kwenda kuwatembelea masista kwanza, nyinyi wawili pamoja, kabla hajajaza fomu yoyote. Mkifika, waulize wenyewe kuhusu kitambaa. Wanapenda kuulizwa.