Mnunuzi Anayetaja Bei ya Kutupa

SWALI: Ndugu Mhariri, nimetangaza mtandaoni sarafu ya heller 20 (fedha ya enzi za Wajerumani) ya mwaka 1916 niliyorithi kwa babu yangu, kwa shilingi 150,000. Mtu mmoja amenipa 20,000, akidai kuwa ni kipande cha shaba tu. Nimjibuje?
Msomaji, Moshi

JIBU: Usimkasirikie, kwani huenda anapima tu kama unakijua ulichoshika. Sarafu hizo zilitengenezwa Tabora wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walipoishiwa sarafu, na zina matoleo kadhaa yanayotofautishwa kwa ukubwa wa taji na umbo la herufi L katika neno heller. Tambua kwanza yako ni ya toleo gani, kisha uilinganishe na bei ambazo sarafu kama hiyo imeuzwa kweli, si zile zinazoombwa tu. Baada ya hapo mtajie bei yako ya mwisho mara moja, kwa adabu, na akirudi na 25,000 mwache aende zake. Tafadhali usiisugue kwa majivu wala ndimu ili ing'ae, maana wakusanyaji huishusha thamani sarafu iliyosuguliwa, na hapo mnunuzi wako atakuwa na hoja.