Tusi la kocha na ile tepu ya rangi

SWALI: Shangazi shikamoo. Wikendi nacheza magongo pale Lugogo, Kampala, usiku naangalia hoki ya barafu ya NHL, ile ligi ya Marekani na Kanada, kwa simu. Walikuwa wanafanya usiku maalum wa wapenzi wa jinsia moja, jezi za upinde wa mvua na nini, alafu nikaskia wamekataza hata ile tepu ya upinde wa mvua ya kuzungushia gongo. Wanamaanisha kweli ama ni biashara tu? Nauliza juu kocha wetu akikasirika anatuita mashoga, na kuna mwenzetu hapo hapo huinama kufunga kamba za viatu ambazo zimeshafungwa.
Msomaji, Naguru

JIBU: Marahaba mwanangu. Wachezaji wako wanaomaanisha, ligi yenyewe ndo inayumba. Januari 2023 Ivan Provorov wa Philadelphia Flyers alikataa kupasha misuli na hiyo jezi akataja dini yake, wengine wakafuata, Juni ligi ikafuta jezi zote maalum za kupasha, Oktoba ikakataza na tepu. Tarehe 21 mwezi huo Travis Dermott wa Arizona Coyotes akaizungushia gongo lake akaingia nayo kwenye mechi, siku tatu tu marufuku ikaondolewa. Mtu mmoja!

Ila mimi naangaliaga adhabu. 2016 Andrew Shaw wa Chicago Blackhawks alitoa tusi kama hilo la kocha wenu, akafungiwa mechi moja na faini dola 5,000. Mwaka uliofuata Ryan Getzlaf wa Anaheim Ducks naye akatukana, faini dola 10,000 na hakukosa hata mechi moja, na huyu alikuwa analipwa mamilioni, hiyo si hela ya chai? Ligi ilianza 1917, lakini wa kwanza mwenye mkataba wa timu kujitangaza kuwa ni shoga ni Luke Prokop, 2021. Uoga huo haukutoka hewani.

Sasa kocha wenu. Mfuateni wawili watatu mazoezi yakiisha, kwa heshima, mwambieni kocha lile neno linatuumiza, tugombeze kwa mchezo wetu. Msimtaje mwenzenu kabisa, wala msimuulize chochote, wala msiandike kwa grupu la WhatsApp, maana sheria yetu ya Uganda ya 2023 dhidi ya mapenzi ya jinsia moja ina kifungo cha maisha, na mengine hata kifo, na uvumi tu unaweza kumfukuzisha mtu kwa nyumba ya kupanga. Yeye mpe pasi kama kawaida, na mkitoka Lugogo rudini pamoja.