Unga wa jelato umetozwa kama maziwa

SWALI: Shikamoo Mzee. Nauza aiskrimu hapa Malindi. Wateja wangu wengi ni Waitaliano wanaoishi huku, nao wanataka jelato kama ya kwao. Niliagiza mifuko 8 ya unga wa kuitengenezea kutoka Italia. Pamoja na nauli na bima ikafika shilingi 200,000. Mombasa wakasema ni maziwa ya unga, ushuru 60%. Nililipa 120,000 wiki mbili zilizopita ili mzigo usilale bandarini. Mfuko mmoja bado sijaufungua. Je, ni haki?
Muuza aiskrimu, Malindi

JIBU: Marahaba mwanangu. Umefanya vyema kunitumia picha ya lebo pamoja na ankara, maana jibu limo humo. Lebo inataja sukari, dekstrosi, maziwa ya unga yaliyotolewa malai, mafuta ya nazi na vigandishaji viwili. Ankara yako inasema "maziwa ya unga", basi. Hapo ndipo ulipoumia.

Forodha hupanga bidhaa kwa namba za HS, mfumo wa kimataifa wa kupanga bidhaa unaotumika tangu 1988. Maziwa ya unga ni 0402, na Jumuiya ya Afrika Mashariki imeyaweka kwenye bidhaa nyeti, ushuru 60%, ili mfugaji wa Nyandarua au wa hapo Kilifi asizamishwe na unga wa ng'ambo. Ushuru huo mimi nauunga mkono. Ila unga wako sioni kama ni maziwa.

Maziwa ya unga ukiyatia sukari yanabaki 0402. Wengi hawalijui hili. Lakini malai ya asili yakitolewa, mahali pake yakatiwa mafuta ya nazi au ya mawese, unga huo hauhesabiwi tena kuwa maziwa. Huenda 1901 au 2106, na namba hizo hazimo kwenye orodha ya 60%. Wala hauingii 2105, ambayo ni ya aiskrimu yenyewe. Unga wa kuitengenezea hupangwa kwa kilichomo. Siku ukiagiza wa chokoleti, uliza kakao ni kiasi gani: ikifika 5% ya uzito, ikipimwa bila mafuta yake, unahamia 1806.

Nilikuwa wakala wa forodha Kilindini miaka 19. Niliwahi kujaza 0402 kwa mzigo wa mwokaji mmoja wa Lamu kwa sababu nilisoma ankara, mfuko sikuutazama. Akalipa fedha asizopaswa kulipa, na nilipogundua, muda wa kudai ulikuwa umekwisha. Alinyamaza tu, akanipa mkono, akashuka ngazi. Ndiyo maana nakuhimiza.

Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004, kifungu cha 229, inakupa siku 30 tangu uamuzi ulipotolewa kumwomba Kamishna wa Forodha aupitie upya. Kwa hesabu yako zimebaki kama 16. Ambatisha risiti, ankara, lebo iliyotafsiriwa, na barua ya mtengenezaji inayotaja asilimia ya kila kiambato. Hiyo barua ndiyo roho ya dai lako, iombe leo. Usimwambie muuzaji aibadilishe ankara ya zamani, huko ni kughushi. Akufafanulie kwa barua mpya.

Kabla ya mzigo ujao, omba Mamlaka ya Mapato (KRA) uamuzi wa mapema wa namba ya bidhaa, uupate kwa maandishi kabla meli haijang'oa nanga. Na ukihitaji maziwa ya unga matupu, tafuta ya hapa nchini au ya Uganda: ya Uganda yakija na cheti cha uasili cha Jumuiya, hayatozwi huo ushuru wa 60%. Lakini uliza kwanza Bodi ya Maziwa kuhusu kibali.

Umesema mfuko mmoja haujafunguliwa. Uweke hivyo hivyo, mahali pakavu, mshono usiguswe. Wanaweza kutaka sampuli ya maabara, na mfuko uliokwisha kufunguliwa hautakusaidia.