Mfanyakazi wangu wa zamani ameiga jina la biashara yetu. Je, nina haki ya kumzuia?

SWALI: Assalaam alaykum warahmatullah, Sheikh. Nauza viungo vya pilau na bizari hapa Tanga, kwa jina alilolianzisha marehemu mama yetu, naomba usilitaje. Binti aliyenifungia pakiti kwa miaka minne ameondoka na kufungua genge lake upande wa pili wa soko. Jina ni lile letu, kabadilisha herufi moja tu. Pakiti zake ni za kijani kama zangu, na kibuyu kimechorwa palepale. Juzi mteja kanirudishia bizari huku akinilaumu. Nilipoimwaga kwenye sahani na kuisugua kwa vidole nikasikia mchanga. Haikuwa yangu. Nilipolalamika nikaambiwa jina halina mwenyewe, riziki anagawa Mungu, nisubiri. Wengine wananishauri nimsomee Halbadiri, kisomo cha kumwapiza. Je, jina ni mali? Na nikilisajili serikalini nikamzuia, nitakuwa nimemzibia mwenzangu riziki?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh, dada yangu. Pole kwa yaliyokufika.

Ndiyo, jina la biashara ni mali, na lina mwenyewe. Wanazuoni wa Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, yaani baraza la kimataifa la wanazuoni wa sheria, walilijadili jambo hili walipokutana Kuwait mwezi Desemba 1988. Wakaamua kuwa jina la biashara na alama yake ni haki ya mwenyewe, kwamba katika ada ya watu wa leo lina thamani ya fedha, na kwamba haijuzu kulivamia. Wakajuzisha pia kuliuza, maadamu hapana udanganyifu. Na sisi watu wa pwani tulio wengi wafuasi wa Imam Shafi tusione ajabu, kwa sababu katika madhehebu yetu manfaa huhesabiwa kuwa mali, hata kama hayashikiki mkononi.

Lakini dalili inayonigusa zaidi ni pete ya Mtume, rehema na amani zimshukie. Alipotaka kuwaandikia wafalme aliambiwa kuwa hawapokei barua isiyo na muhuri. Akatengenezewa pete ya fedha, ikachorwa mistari mitatu: Muhammad mstari mmoja, Rasuli mstari mmoja, Allah mstari mmoja. Kisha akawaambia watu kuwa amechora maneno hayo, basi mtu yeyote asichore mchoro kama wake. Hadithi hii ameisimulia Anas, nayo imo katika Bukhari na Muslim. Imam Nawawi ameeleza sababu: pete ile ilikuwa ya kupigia muhuri barua za wafalme, na lau kila mtu angechora kama ile, mambo yangevurugika.

Angalia alichokizuia na alichokiacha. Hakuwazuia Masahaba kuvaa pete za fedha, wala kuwa na mihuri yao. Alizuia mchoro ule mmoja, ambao kwao mpokeaji hujua barua imetoka kwa nani. Najua muhuri wa Mtume si lebo ya bizari, na ulinganisho huu ni wangu. Ila sababu ni moja: watu wasidanganyike juu ya mwenye kitu.

Kwa hiyo riziki ya binti huyo hujaizuia. Ana haki ya kuuza bizari, jirani yako hasa, kwa bei ya chini kuliko yako, hata kwa ujuzi alioupata mikononi mwako. Maneno kama "pilau", "bizari" na "halisi" ni ya watu wote, usiyadai. Unachodai ni lile jina, na ile sura ya pakiti inayomfanya mama wa watu anyooshe mkono akidhani ananunua kwako. Mtume alisema kuwa mwenye kujishibisha kwa asichopewa ni kama aliyevaa nguo mbili za uongo.

Na mchanga ule, dada yangu! Mtume alipita sokoni akaingiza mkono katika rundo la chakula, vidole vyake vikapata umajimaji. Akauliza, "Nini hiki, ewe mwenye chakula?" Akajibiwa kuwa kimenyeshewa mvua. Akasema, "Kwa nini usikiweke juu watu wakakiona? Mwenye kughushi si katika mimi." Hapa aliyedhulumiwa kwanza ni mnunuzi, wewe ni wa pili. Ndiyo maana siwezi kukuambia unyamaze kwa jina la subira.

Sasa kuna neno umelipitia haraka katika swali lako, nami siwezi kulipita. Umesema jina alilianzisha marehemu mama yenu. Ikiwa jina ni mali, basi siku mama alipofariki liliingia katika tirka yake, yaani mali aliyoiacha ya kurithiwa, pamoja na mizani, masufuria na fedha za akiba. Hujaniambia kama una ndugu. Kama wapo, nao wana fungu katika thamani iliyokuwa nayo jina siku ile. Jasho ulilolimwaga baadaye ni lako, na haki hailipuuzi. Lakini usiende kulisajili kwa jina lako peke yako kabla hujakaa nao. Wakikuachia kwa ridhaa, au mkakubaliana kiasi, waandike na mashahidi watie saini. Mtume alisema, "Huenda mmoja wenu akawa hodari wa kueleza hoja kuliko mwenzake, nami nikamhukumia kwa ninavyosikia. Basi nitakayemkatia haki ya ndugu yake, ninamkatia kipande cha moto." Ikiwa hukumu ya Mtume mwenyewe haihalalishi haki ya mwingine, cheti cha ofisi kitaihalalisha vipi? Hili linamhusu binti huyo pia, kama atakimbilia kusajili kabla yenu.

Mkishapatana, nendeni BRELA, ofisi ya serikali ya kusajili biashara. Wengi hukosea hapa: cheti cha jina la biashara kinaonyesha nani anafanya biashara kwa jina hilo, lakini ngao hasa ni kusajili alama ya biashara, yaani jina pamoja na kile kibuyu. Kwa sheria ya mwaka 1986 ulinzi wa kwanza ni miaka 7, kisha huhuishwa kila miaka 10. Usajili huo ni wa Tanzania Bara. Kama pakiti zako zinavuka kwenda Pemba au Unguja, kule kuna ofisi yake, BPRA.

Halbadiri iache. Husomwa watu wanapotafuta mwizi wasiyemjua, na hata hapo wanazuoni wamehitilafiana. Wewe mtu wako unamjua na genge lake unaliona. Mwendee kwanza, wewe na mtu mzima mmoja anayemheshimu, mkiwa na pakiti zote mbili mkononi. Mwambie abadilishe jina na rangi, mpe muda wa kumaliza pakiti alizokwisha kuchapisha kwa kubandika karatasi juu yake. Akikataa, peleka shauri kwa wazee wa soko, kisha mahakamani. Wateja waambie, "Duka letu ni hili moja tu," inatosha. Usimtangaze kwa mengine ya maisha yake.

Na pakiti ile yenye mchanga usiitupe. Ifunge, andika tarehe, na umwombe mteja aliyeileta awe shahidi.

Wallahu aalam.