Uvimbe wa figo: roboti ipitie tumboni au mgongoni?

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa familia zenye faili ya skana mkononi na mgonjwa anayejiandaa kuvuka mpaka kwenda kupasuliwa kwa roboti, yaani mashine ya upasuaji inayoongozwa na daktari. Maswali nimeyafupisha.

Munganga (daktari), baba yetu ana uvimbe wa sentimita 3.5 nyuma ya figo ya kushoto. Pretoria wanasema roboti itapitia mgongoni. Shemeji yetu alipasuliwa India, kwake walipitia tumboni. Tumwamini nani? (Katuba)

Wote wawili. Figo hazikai pamoja na utumbo. Zimelala nyuma ya utando wa tumbo, zimeegemea misuli ya mgongo, ndiyo maana zina milango miwili. Kwa njia ya tumboni, mgonjwa analazwa kiubavu, tumbo linajazwa gesi, utumbo mkubwa unasogezwa pembeni, ndipo figo inaonekana. Nafasi ni kubwa na daktari anaona vitu alivyovizoea: ini kulia, wengu kushoto. Kwa njia ya mgongoni, wanatoboa ubavuni chini ya mbavu, wanaingiza kipira na kukipuliza ili nafasi ipatikane, na mshipa wa damu wa figo wanaufikia mapema bila kugusa utumbo. Hata damu au mkojo ukivuja kidogo, unabaki kule nyuma. Shida yake ni ufinyu: mikono ya roboti inagongana, na mgonjwa mwenye mafuta mengi kuzunguka figo anawapa kazi.

Sasa uvimbe wa baba uko nyuma. Wakipitia tumboni, itabidi waibandue figo na kuigeuza kabla ya kuukata. Mgongoni wanakutana nao moja kwa moja. Ungekuwa mbele, ningesema kinyume. Tafiti zilizolinganisha njia hizi mbili zinaonyesha kwamba kansa inatolewa sawasawa. Ya mgongoni mara nyingi huokoa muda kidogo kwenye upasuaji na kitandani. Kwa hiyo mwulizeni daktari swali moja: yeye mwenyewe amezoea kupitia wapi? Mimi ningemchagua aliyezoea tumboni kuliko anayejaribu mgongoni kwa sababu familia imemwomba.

Nimezaa kwa upasuaji mara tatu. Njia ya tumboni imefungwa kwangu? (mtaa wa Kenya, Lubumbashi)

Hapana, mama. Makovu ya uzazi yanakaa chini, karibu na kibofu. Yanayosumbua ni ya aliyepasuliwa utumbo uliotobolewa na tifoide, maana humo ndani kila kitu kimeshikana. Mtu wa namna hiyo, mgongoni ni afadhali. Mweleze daktari kila kovu ulilo nalo, hata la zamani.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, roboti itafanya nini? (Ruashi)

Swali la mtu wa Lubumbashi kweli! Afrika Kusini nao wanaujua mgao wa umeme. Hospitali ina jenereta, mashine ina betri yake. Tena roboti haiamui lolote: daktari amekaa chumba hichohicho, macho kwenye skrini, vidole vyake ndivyo vinavyoiongoza, na msaidizi amesimama kando ya mgonjwa. Ikigoma, wanaitoa na kumalizia kwa mkono.

Yaya yangu (ndugu yangu mkubwa) ana uvimbe wa sentimita 6. Hapa wanataka kutoa figo nzima kwa kupasua. Tuuze kiwanja ili aende kwa roboti? (Kampemba)

Kiwanja kwanza kiacheni. Kabla ya roboti kuna swali kubwa zaidi: je, sehemu ya figo inaweza kubaki? Chini ya sentimita 7, ikiwa uvimbe haujatoka nje ya figo, mara nyingi inawezekana, ila ukikaa karibu na mishipa mikuu kazi ni ngumu. Wanabana mshipa wa damu, wanakata, wanashona, na saa inahesabu: wengi wanajitahidi wasizidi kama dakika 25, maana figo isiyopata damu inaumia. Roboti inasaidia hasa hapo kwenye kushona, pia vidonda ni vidogo na mgonjwa anarudi nyumbani mapema. Lakini kutoa sehemu tu kulikuwako kabla ya roboti, na kunafanyika kwa kisu cha kawaida.

Pimeni kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, na mwulizeni daktari hali ya figo ya pili. Ikiwa ni nzima, na yaya hana kisukari wala presha, kutoa figo nzima ni matibabu halali, hamjamnyima kitu. Ikiwa ni mbovu, au anayo moja tu, basi tafuteni kwa nguvu anayeweza kuiokoa, awe na roboti au asiwe nayo.

Nyanya ana miaka 81, uvimbe wa sentimita 2, moyo dhaifu. Ni lazima apasuliwe? (Likasi)

Anaweza kungoja. Uvimbe mdogo hivyo kwa kawaida hukua polepole, na takriban mmoja kati ya mitano si kansa. Skana irudiwe baada ya miezi mitatu hadi sita.

Akitoka hospitali, anaweza kupanda basi siku ileile kurudi kupitia mpaka wa Kasumbalesa? (Kamalondo)

Asiharakishe. Figo iliyokatwa sehemu inaweza kuvuja damu baadaye, hasa ndani ya wiki mbili za kwanza. Mkojo ukiwa mwekundu ghafla, au akipata kizunguzungu na maumivu ubavuni, ni hospitali mara moja, na barabarani hospitali iko mbali. Akae karibu na waliompasua mpaka wamkague tena. Arudi na karatasi ya maabara inayosema uvimbe ulikuwa wa aina gani, pamoja na CD ya skana, kwa sababu daktari wa hapa atazihitaji kwa kumfuatilia.