Muulize Mzee Fundi: Kibao cha Magofu ya Kunduchi

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi ni dereva wa bajaji, kijiwe changu kipo Mtongani. Abiria wakiona kibao cha magofu ya Kunduchi wananiuliza palikuwa na nini. Mwenzangu mmoja huwaambia ni mji wa Wareno, mwingine anasema ni Waarabu waliokimbia majini. Nataka jibu la kuwapa watu. Kwa nini mji mzima uhame? Halafu kuna kigae cha sahani chenye maua ya bluu nilikiokota huko, naweza kukiuza?
Dereva, Mtongani

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wareno hawa wana bahati sana. Pwani hii kila penye ukuta wa mawe uliobomoka, wao ndio wanaopewa sifa. Siku nyingine mchukue huyo mwenzako mpaka kwenye gofu kubwa, msimame mbele ya mihrabu. Kutoka Dar es Salaam, Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja, na mihrabu inaelekea huko. Ni msikiti huo, na wataalamu wanauweka katika karne ya 15. Vasco da Gama kapita pwani yetu mwaka 1498. Mreno gani angekuja kumjengea Mwislamu msikiti?

Mimi nimeshika mwiko maisha yangu yote, kwa hiyo kwanza naangalia ukuta. Ule ni wa matumbawe, mawe yanayotoka baharini humu humu, yameshikwa kwa chokaa. Chokaa yenyewe ni matumbawe pia: unapanga magogo, unayarundika mawe juu, unachoma mpaka yalainike, kisha unayamwagia maji. Wajenzi hawakutumia saruji hata chembe. Majengo ya namna hii paa lake la bapa lilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haiwi ndefu kama unavyotaka, ndiyo maana vyumba vya zamani pwani ni vyembamba. Hiyo ni kazi ya mafundi wa hapa, waliojua bahari yao inatoa nini.

Na Waarabu? Biashara nao ilikuwepo, dini ilikuja kwa njia hiyo hiyo ya majahazi, na hakuna ubaya kulisema hilo. Lakini watu waliojenga na kuzikwa pale ni Waswahili wa pwani. Tazama makaburi yenye nguzo. Kaburi la namna hiyo utalikuta kuanzia pwani ya Somalia mpaka huku kwetu, na wajenzi walipenda kupachika bakuli na sahani za kutoka China kwenye lipu. Kabati langu la vyombo limejaa sahani za China na mimi bado ni Mndengereko wa Rufiji.

Sasa hilo la kuhama. Mengi ya makaburi yale ni ya karne ya 18 na ya 19. Msikiti ni wa karne ya 15. Piga hesabu mwenyewe: miaka mia tatu na zaidi baada ya msikiti kujengwa, bado watu walikuwa wanazika wafu wao kuuzunguka. Na ukishuka pwani leo asubuhi wavuvi wa Kunduchi wanapakua samaki. Majini waache wapumzike. Ukitaka mji uliohama kweli, nenda Kaole, karibu na Bagamoyo. Kule tope na mikoko viliziba bandari, vyombo vikashindwa kuingia, biashara ikahamia Bagamoyo.

Kinachonikera mimi ni kwamba kibao hufuata mawe. Mzizima, kijiji cha wavuvi kilichokuwa hapa Dar es Salaam kabla Sultani Majid wa Zanzibar hajaanza kujenga mji wake miaka ya 1860, kilikuwa cha miti, udongo na makuti. Majid akafa 1870, mji ukadorora, Wajerumani wakaja 1887, na 1891 wakahamishia makao yao makuu hapa kutoka Bagamoyo. Boma la Kale la Majid limebaki Kivukoni kwa sababu ni la mawe. Nyumba za Mzizima hazikuacha hata kona ya ukuta ya kumwonyesha mgeni. Abiria akikuuliza mji wa kale wa Dar, mtajie na huo.

Kigae usikiuze. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na sahani ya makaburi yale inaweza kuwa ya zamani zaidi ya hapo. Makaburi mengi ya pwani yamebaki na mashimo ya duara tu, sahani zilibanduliwa na watu waliodhani kimoja hakina neno. Kipeleke Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, ukawaeleze hasa ulipokiokota: kaburi lipi, upande gani, juu ya ardhi au ndani ya mchanga. Bila maelezo hayo unawapelekea kipande cha sahani tu.